Viungo

Bando la usiku huanza saa sita.
Kasorobo nimeshaiegemeza simu kwenye kopo la maziwa,
nasubiri kama anayengoja mgeni wa mbali
asiyeijua njia ya Vingunguti.

Anakuja vipandevipande.
Mdomo unatangulia, sauti inafuata,
halafu anaganda, kidole juu,
duara linazunguka katikati ya uso wake
nami nazunguka nalo.
Somo la tisa: viungo vya mkono wa roboti.

"Viungo gani?" anauliza mama nyuma ya pazia.
"Iliki? Binzari?"
Bega, nasema. Kiwiko. Kifundo.
"Aa. Basi hata mimi ninavyo. Na vyote vinauma."

Mwalimu ana maneno marefu, daftari langu lina mafupi.
Anasema neno lenye konsonanti tano,
mimi naandika: msokoto.
Sikujua kuwa nusu ya kozi hii
nilishaisoma kwenye beseni, nikiogeshwa,
nikitajiwa kila kinachosuguliwa.

Mkono wangu nimeuunda kwa vya kuokoteza:
mota mbili za printa iliyofia steshenari ya Buguruni,
njiti za mwavuli, gundi,
saketi ya Kariakoo niliyopunguziwa elfu mbili
kwa sababu muuzaji alidhani natengeneza redio.
Kazi yake ni moja, kufunga kifuniko cha chupa.
Wiki ya tatu hii haujafunga.
Unakamata, unakaza, kifuniko kinakaa upande
kama kofia ya mlevi.

Leo somo lilionyesha kiwanda cha mbali:
mikono arobaini, hakuna mtu,
hakuna hata kiti.
Sikumsikia mama akishuka kitandani.
Alisimama nyuma yangu na kanga ya kulalia,
miaka kumi na saba ya kufunga sabuni ya maji
huko Barabara ya Pugu,
kiganja cha kulia kigumu kama kisigino.
Akatazama mpaka mwisho. Hakusema kitu.
Kisha akaugeukia wa kwangu.

"Huyu ana pupa."
Mimi nasema *umeshindwa*, yeye anasema *ameshindwa*;
ngeli zetu hazikupatana tangu mwanzo.
"Kwanza arudi nyuma. Kidogo, kama anafungua.
Kifuniko kitaangukia njia yake chenyewe, utasikia: tik.
Ndipo akaze."

Nikaandika mistari mitatu.
Nyuma, nyuzi thelathini. Subiri. Mbele.
Mkono ukatetemeka, ukakamata, ukarudi
kama mtu aliyesahau kupiga hodi,

tik,

ukakaza.

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Nikaipindua chupa, haikudondosha hata tone.
Mama akaijaribu kwa kile kiganja chake, ikagoma kufunguka,
na kicheko kikamtoka usoni
upande mmoja kwanza.

"Hiyo tik ni yangu," akasema.
"Niliipata mwaka wa pili, hakuna aliyenifundisha.
Ukishawapelekea hao wa mbali,
nani atalipwa kwa hiyo tik?"

Nikalitafuta jibu kwenye orodha ya masomo.
La kumi ni kamera. La kumi na moja, betri.
Nikashuka hadi la mwisho kabisa:
*Mustakabali wa Roboti*. Dakika sita.

Mkono mmoja haulei mwana, husema watu.
Mimi nililelewa na mmoja,
ule mgumu.

Saa kumi na moja alfajiri akafunga kilemba, akaenda zamu.
LUKU ilikuwa imekatika katika jaribio la ishirini,
mkono umebaki juu mezani
kama mwanafunzi ambaye hakuitwa.
Simu ilikuwa na chaji kidogo.
Nikaufungua msimbo, na juu ya neno *nyuma*
nikaongeza mstari wa maelezo, ile aina
ambayo mashine huiruka bila kuisoma:

tik hii ni ya Sikudhani Lipande,
zamu ya asubuhi.